Mtu wa Nyumba ya Saba

Mamdogo alipotuambia kwamba digrii moja haikumtosha na sasa anasomea ya pili, bibi alimtazama kwa huruma, vile anavyomtazamaga ndama aliyekataa kunyonya. Akauliza hiyo ya pili ni ya nini.

"Ya kusikiliza watu," mamdogo akasema. "Mtu ana jambo linamsumbua moyoni, halali, hali, anazungumza, sisi tunamsaidia."

"Mnamsaidia kwa dawa gani?"

"Kwa kumsikiliza."

Bibi akanigeukia mimi. "Umesikia? Masikio mawili aliyozaliwa nayo hayajatosha. Serikali inamwongezea mengine."

Nilicheka mpaka dagaa akanipalia. Sasa hivi pia nacheka, lakini cheko la sasa ni la mtu aliyeponea chupuchupu. Kwa sababu ile digrii nusura niiue mimi, kwa mdomo wangu huu huu.

Nilikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni ya wasichana mjini Musoma. Nyumbani kwetu ni Kamunyonge, lakini likizo ile baba alinipeleka kijijini kwa mama yake, upande wa Mugeta. Matroni alikuwa ameandika kwenye ripoti yangu kwamba nina akili ila ninaichezea, na baba aliamini jembe ni dawa ya michezo. Siku mbili baada ya mimi kufika, akafika mamdogo, mdogo wake mama, mzaliwa wa Butiama, na nywele zake za afro na viatu vya raizoni, vya soli nene, vilivyokuwa vinamfanya atembee kama korongo kwenye tope. Chuo kilikuwa kimempanga kijijini kwetu kwa wiki tatu za mafunzo kwa vitendo.

Kazi yake, kuisema, ilikuwa ndogo. Apate mtu mmoja, mmoja tu, atakayekuja kwa hiari yake kuzungumza naye mara nne, naye aandike kila kikao kwenye daftari. Ijumaa ya wiki ya tatu msimamizi wake angekuja kuona. Akikosa mtu huyo, basi. Alikuwa amekwisha kurudia mwaka mmoja kwa ugonjwa wa ini, na chuo hakikuwa na desturi ya kumrudishia mtu mara mbili.

"Mtu mmoja tu?" nikamuuliza. "Mamdogo, huku kila mtu ana shida. Utapanga foleni."

Mungu ananisikiaga vibaya.

Kijiji kilimpa stoo ya pamba ifanye kazi ya ofisi, maana msimu wa kununua pamba ulikuwa bado. Ilikuwa na magunia kadhaa, stuli mbili na mizani kubwa iliyoning'inia katikati. Mamdogo akaifagia, akanituma kwa balozi wetu wa nyumba kumi. "Mwambie namsalimu. Mwambie naomba, watu wanaojisikia kuzungumza waje kwa hiari yao, mmoja mmoja, bila haraka."

Balozi huyo alikuwa mzee mrefu, mkimya, mwenye koti la kaki ambalo hakulivua hata jua liwe la kukaanga karanga, na penseli nyuma ya sikio. Watu walipohamishiwa kijijini pale kutoka kwenye miji yao ya zamani, mwaka uliotangulia, yeye ndiye aliyesoma majina ya nyumba zetu. Tangu hapo, nyumba kumi ziliendaga kwa penseli ile: leo zamu ya shamba la kijiji, kesho zamu ya kuchimba choo cha shule. Nilikuwa sijawahi kumwona akicheka, na mtu asiyecheka kwangu mimi ni kama mwembe wenye embe mbivu na mlinzi amelala.

Basi nilipofika, nikasimama wima, nikatoa sauti ya afisa wa wilaya akiwa na mafua. "Ndugu balozi. Maagizo. Kila nyumba itoe mtu mmoja mwenye shida. Nyumba isiyo na shida iazime kwa jirani."

Nikangoja acheke.

Akachukua penseli. "Shida ya namna gani?"

"Yoyote," nikasema, kwa sababu nilikuwa sijui nirudi vipi nyuma.

"Waje na majembe?"

"Waje na shida tu, mzee."

"Saa ngapi?"

"Saa mbili."

Akaandika. Nikaondoka, na njiani nikajiambia bila shaka ameelewa ni utani. Mtu mzima yule.

Kesho yake saa mbili kasoro walikuwa wamejipanga mbele ya stoo, watu kumi, nyumba ya kwanza mpaka ya kumi, na majembe wamekuja nayo vilevile, kwa tahadhari. Mama mmoja akaingia wa kwanza, akatazama mizani, akaanza kuvua kanga ya juu ili apimwe bila uzito wa ziada. Mzee aliyemfuata alisimama mlangoni akimkagua mamdogo. "Nimesikia wewe ni wa Butiama."

"Ndiyo, baba."

"Sisi tumezoea watu wa Butiama waseme, sisi tusikilize. Leo mnakuja kusikiliza ninyi? Kuna nini?"

Mamdogo aliwapokea wote kumi, na kila alipotoka mmoja aliandika. Daftari lake lilikuwa limegawanywa kwa rula: kushoto maneno ya mteja, maana mgonjwa walimwita mteja, na kulia kile ambacho msikilizaji alihisi moyoni alipokuwa akisikiliza. Jioni alinipa nimsomee kwa sauti, kwa sababu hapakuwa na siri yoyote ya kulinda. Mteja namba mbili: mbegu za pamba zimechelewa. Upande wa kulia: nilihisi kwamba mbegu zimechelewa. Mteja namba tano: mimi sina shida, mwenye shida ni mke wangu lakini leo yuko shambani, mimi nimekuja kujaza nafasi. Kulia: njaa. Mteja namba nane alikuwa ameazima kweli. Alieleza kwa uchungu habari za mguu wa jirani.

Siku ya pili hakuja mtu. Siku ya tatu hakuja mtu. Nyumba zilikuwa zimetimiza zamu, na mtu aliyetimiza zamu harudi. Ijumaa ya wiki ya kwanza mamdogo alikaa stoo peke yake kutwa nzima, mikono mapajani, akisikiliza panya.

"Wameambiwaje hawa watu?" akamuuliza bibi jioni. "Mbona walikuja kama wanakwenda kulima?"

Bibi alijua tu kwamba balozi alitangaza zamu. Mimi nilikuwa naosha sufuria iliyokwisha kuoshwa.

Jumamosi nikashindwa. Nikamfuata kisimani nikamwambia. "Mamdogo, ile ya kila nyumba itoe mtu, nilisema mimi. Nilikuwa natania."

Nilijiandaa kwa kofi. Nilikuwa hata nimechagua shavu. Yeye akatua ndoo.

"Mm," akasema. "Endelea."

"Hakuna kuendelea. Ndiyo hiyo."

"Ulipomwambia balozi vile, ulitaka kitokee nini?"

"Acheke."

"Hakucheka."

"Yule hachekagi."

"Na mtu asipocheka, wewe unajisikiaje?"

Ah, nilitamani fimbo. Fimbo ina mwisho, unahesabu, unalia kidogo, mnakwenda kula. Hii ya kuulizwa unajisikiaje haina mwisho, mpaka leo sijamaliza kuijibu. Nikamwomba anipige. Akasema chuoni hawafundishwi kupiga. Akanifanya karani: nikae nje ya stoo na daftari la majina ya nyumba kumi, kila siku, niandike atakayekuja, mpaka likizo iishe.

Jumatatu aliyekuja alikuwa balozi mwenyewe. Hakukaa. Alisimama mlangoni kama anayetoa taarifa.

"Nyumba zote zimetimiza. Nasikia kuna upungufu."

Mamdogo akamweleza vizuri, bila kunitaja. Kwamba watu walikuja kwa amri, na yeye anahitaji mtu atakayekuja kwa hiari.

"Hiari," balozi akasema, akaliandika kwenye karatasi yake, kana kwamba ni kitu atakachokwenda kukitafuta ghalani. Kisha hakuondoka. Akarudisha penseli sikioni, akaitoa tena.

"Kuna mtu wa nyumba ya saba," akasema.

"Ana nini?"

"Ana jambo."

"Basi aje, mzee. Tutazungumza naye."

"Hawezi kuja." Akatazama mizani. "Wewe umesoma mbali, labda umesahau. Huku mtu habebi jambo lake mwenyewe mkononi akaenda nalo kwa watu. Hata posa inapelekwa na mshenga."

"Na huyo mtu hana wa kumtuma?"

"Watu wa nyumba hizi wakiwa na jambo hunituma mimi."

Kulia kwangu kulikuwa na daftari. Nikalifungua tu kwa kukosa kazi, kidole kikashuka kutoka nyumba ya kwanza, iliyo barabarani, mpaka ya saba. Jina lililoandikwa pale, kwa mwandiko wangu, lilikuwa lake yeye mwenyewe.

Ninyi hamnijui. Mimi mdomo wangu ulikuwa umekwisha kufunguka. Nilikuwa na maneno matatu mazuri tayari, ya kuchekesha kijiji kizima, na yangemaliza mambo palepale. Lakini mamdogo alinitazama mara moja tu. Naye alikuwa ameelewa. Nikafunga daftari, na mdomo pia.

Mamdogo alijua sheria zake. Mbili za kwanza alizisemaga hata akimenya ndizi: mteja awe peke yake na msikilizaji, na mteja azungumze habari zake, si za mwingine. Nikaona anazipima kichwani, na Ijumaa ya msimamizi upande wa pili wa mizani.

"Karibu ukae, mzee," akasema. "Nieleze habari za huyo mtu wa nyumba ya saba."

"Huyu mtoto aingie akae hapa mlangoni," balozi akasema. "Sitaki watu waseme nimejifungia na binti wa watu kwenye pamba."

Sheria ya kwanza ikaenda na maji dakika ileile. Nikaingia, nikakaa juu ya gunia.

Alisema taratibu, kama anayesoma orodha. Yule mtu, kila asubuhi, jua likichomoza, huchukua ufagio akatembea mpaka mahame, kule ulikokuwa mji wake kabla ya kuhamia kijijini. Nyumba hakuna, imebaki duara tu ardhini. Anafagia ua. Anafagia wote, mpaka pale zizi lilipokuwa, halafu anarudi kufanya kazi za watu. Mke wake anadhani amerogwa. Yeye mwenyewe hajui kama amerogwa. Anajua tu kwamba asipofagia, mikono inamtetemeka mpaka jioni.

Mamdogo hakusema pole. Hakusema acha. Aliuliza, "Alianza lini?" na kungoja.

Aliporudi Jumatano, alituambia lini. Siku ya kuhama, yule mtu aliyekuwa na kazi ya kusoma majina alianza na nyumba ya mama yake, ili watu wasije wakasema anapendelea. Alishusha paa kwa mikono yake. Mama alikaa chini ya mti akitazama, akaomba tu apewe ufagio wake asije akausahau. Masika yaliyofuata alifariki hapa kijijini, akazikwa hapa kijijini, kwenye makaburi mapya, mbali na mumewe.

"Huyo mtu alilia?" mamdogo akauliza.

"Alikuwa na zamu za kupanga," balozi akasema.

Nilikuwa naangalia vidole vyangu vya miguu. Nilikuwa najua sauti zote za kijiji kile, na zote niliweza kuziigiza, lakini ile siwezi na sitaki.

Mara ya tatu, Jumatatu ya wiki ya mwisho, hakusema karibu kitu. Alikaa, mamdogo akakaa, mimi nikakaa. Chuoni wanaita hicho nacho kikao. Mimi kwa mara ya kwanza maishani nilikaa nusu saa nzima bila kusema, na nikagundua kwamba mtu hafi.

Mara ya nne ilikuwa Jumatano. Mamdogo aliuliza, "Anapofagia kule, anamfagilia nani?"

Balozi alifikiri sana. "Mama yake alikuwa hapendi majani uani. Alikuwa anasemaga ua wenye majani ni wa watu waliokufa."

"Na hapa alipolala mama sasa, kuna anayefagia?"

Ndiyo hivyo tu. Hakumwambia nenda ukafagie. Nilimwuliza baadaye kwa nini hakumwambia, ingekuwa rahisi, akasema kuuliza na kuagiza ni vitu viwili na balozi ameshaagizwa vya kutosha. Balozi alisimama, akatuaga kwa heshima, akasahau penseli yake juu ya gunia. Ikabidi nimkimbilie nayo.

Alhamisi nilikuwa natoka kisimani asubuhi. Njia inapita karibu na makaburi. Nikamwona, koti la kaki, mgongo umeinama, anafagia. Vumbi lilikuwa linapanda mpaka magotini. Alikuwa akifagia kwa utaratibu, kutoka kichwani kwenda miguuni, na alipoona nimesimama hakunifukuza. Nikamwamkia shikamoo kwa sauti yangu mwenyewe. Akaitikia. Nikaenda, na maji yangu nusu yakamwagika njiani kwa sababu nilikuwa nakimbia kwenda kumwambia mamdogo, halafu nilipofika nikakumbuka kwamba labda si langu kusema. Nikanywa maji, nikakaa.

Ijumaa msimamizi alifika na Landrova kutoka Musoma. Mzee mnene, miwani mbili, moja machoni, nyingine mfukoni kwa ajili ya dharura. Aliingia stoo, akakalia gunia, akazama. Ilibidi asome daftari magoti yakiwa usawa wa kidevu. Mamdogo alisimama mbele yake, anapinda ncha ya kitambaa cha mkononi.

Alisoma mpaka mwisho. Akarudi mwanzo.

"Sheria ya kwanza," akasema. "Mteja awe peke yake. Hapa naona mtu mlangoni."

"Ndiyo, mwalimu."

"Ya pili, azungumze habari zake mwenyewe. Huyu vikao vyote vinne anazungumza habari za mtu wa nyumba ya saba."

Kama angeuliza yale maandishi yalianzia wapi, angefika kwangu: kwenye foleni, kwenye majembe, kwenye sauti ya afisa mwenye mafua. Wiki nzima mamdogo aliipoteza kwa ajili ya kicheko ambacho hata sikukipata.

"Mwalimu," mamdogo akasema, "huku mtu habebi jambo lake mwenyewe. Anabebewa. Huyu ndiye anayewabebea watu wote, kwa hiyo yeye hana wa kumbebea. Ilibidi ajitume. Ningemkatalia kujituma, nisingempata kabisa."

Wakati huohuo balozi akatokea mlangoni na kiti alichokitoa shuleni, maana alikuwa amesikia mgeni ameketi chini. Akakiweka, akasimama pembeni. Msimamizi akamtazama, akatazama daftari, kisha akanitazama mimi.

"Wewe ndiye karani?"

"Ndiyo, mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Majina ya nyumba unayo wewe. Nyumba ya saba ni ya nani?"

Balozi hakusogea. Mamdogo aliacha kupinda kitambaa. Na mimi, ambaye sijawahi kuulizwa swali nikakosa jibu la kumwaibisha mtu, nikaona majibu yote yamejipanga kama ile foleni, kila moja na jembe lake.

"Sijui, mwalimu," nikasema. "Hesabu nimefeli mara mbili mfululizo. Mimi nikihesabu huishia sita."

Tumbo la msimamizi likaanza kutikisika, miwani ya mfukoni ikagongana na kalamu.

"Umemfundisha hata karani kutunza siri," akamwambia mamdogo.

"Hapana," mamdogo akasema. "Hilo nami linanishangaza."

Msimamizi akajinyanyua kwa shida, akahamia kwenye kiti, na ndipo akamgeukia balozi, kwa adabu zote, kama mtu anayeulizia hali ya mbali. "Mzee, huyu mtu wa nyumba ya saba. Anaendeleaje?"

Balozi akatoa penseli sikioni, akaishika tu.

"Amehamisha ufagio," akasema. "Sasa anafagia karibu. Na mke wake ameacha kuulizia waganga."

"Mikono je?"

"Jana haikutetemeka. Leo sijamwona vizuri."

Msimamizi akaandika kitu kwenye karatasi yake, maneno machache, akamwambia mamdogo kwamba utangulizi wa ripoti auandike upya kwa sababu una maneno mengi ya vitabuni, na yaliyobaki asiyaguse. Mamdogo akauliza kwa sauti ndogo, "Yaliyobaki yote?" Akajibiwa, "Yote. Na ule upande wa kulia wenye njaa usiufute." Akaomba maji ya kunawa, maana bibi alikuwa ameshasonga ugali, na kulikuwa na samaki wa kamongo.

Mamdogo alitoka nyuma ya stoo. Nilimkuta amevua raizoni, amekaa chini, anapumua kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Nikakaa karibu naye. Nilitaka kumwuliza unajisikiaje, kulipiza. Sikumwuliza. Ilionekana.

Cheti kimekwisha kutoka, na mwezi huu anaanza kazi. Bibi anawaambia watu kwamba binti yetu amepewa masikio ya serikali na yamekubali.

Likizo hii nilipopata wazo la kuandika haya, nilikwenda kwanza kwa balozi kuomba ruhusa. Nilimwambia sitataja jina la mtu wala la kijiji. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Nitamuuliza," akasema.

Kesho yake akanikuta njiani. "Amesema andika. Ila umwandike akiwa na koti."

Nikamtazama usoni nione kama ametania. Uso ulikuwa uleule. Ila penseli ilikuwa inatikisika sikioni.